Ngozi za Saksafoni ya Teddy Minani

Siku hizi ukifika Ngara mjini ukalitaja jina la Teddy Minani, utapata watu kumi na mbili waliomfundisha saksafoni. Mmoja wao hajui hata upande upi unapulizwa. Huwa nawaacha waseme, maana kusema hakulipiwi kodi. Lakini mwalimu wa sekondari hapa Nyamiaga ameniomba nimweleze maisha ya huyo binti. Mimi nasema, mwalimu anaandika na kunisahihishia Kiswahili changu. Basi aandike sawasawa. Teddy hakufundishwa na mtu. Mimi Danstan Nkeshimana, fundi viatu, nilimtengenezea chombo tu, na nilikitengeneza vibaya.

Alizaliwa Kasulo, mtoto wa nane wa mzee Bernardo, ndiyo sababu akaitwa Minani. Mke wangu Adelfina ndiye mama yake wa ubatizo, kwa hiyo mimi nikawa baba bila kuulizwa. Wakati huo nilikuwa napiga ngoma kubwa katika bendi ya parokia, ile ya matarumbeta, inayotangulia maandamano ya Ekaristi na kusindikiza maharusi. Mwaka 2001 lilikuja sanduku la vyombo kutoka kwa wafadhili. Matarumbeta yaligombaniwa mpaka padri akakemea. Chini kabisa ilibaki saksafoni moja, nyeusi kwa kutu, haina ngozi hata moja kwenye vifuniko vyake. Hakuna aliyeitaka. Teddy alikuwa na miaka kumi na mitatu, na wasichana walikuwa hawapewi chombo. Akaomba hiyo iliyokataliwa na watu. Padri akacheka, akampa.

Kwa asiyeijua saksafoni, nieleze kidogo. Ni bomba la shaba lenye matundu, na kila tundu lina kifuniko kinachofunguka na kufunga kwa kidole. Chini ya kifuniko kuna duara la ngozi. Ngozi isipokaa vizuri, pumzi inavuja na noti haitoki. Padri aliniletea mimi kwa sababu ndiye niliyekuwa na ngozi na gundi. Springi nilizichonga kutoka spoki za baiskeli. Ngozi nikatumia ya mwanambuzi aliyekufa kabla hajaonja majani, kwa kuwa ni laini. Nilifanya vile ninavyofanya kandambili: upande laini juu, unakokaa mguu, na upande wa nyama, ule wenye vinyweleo, chini. Kwa kandambili ni sahihi. Kwa saksafoni, nilikuja kujua baada ya miaka kumi na sita, ni kinyume kabisa. Upande laini ndio unaopaswa kukaa kwenye tundu.

Kwa hiyo chombo kilivuja, kidogo kidogo, kila mahali. Wanabendi walisema kina mafua. Teddy hakujua kwamba kinavuja. Alidhani saksafoni zote ziko hivyo. Akajifunza kusukuma pumzi kutoka tumboni ili ijazie ile inayopotea, akajifunza kuikaza midomo kwa namna yake, na ikatoka sauti ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine. Ilikuwa na pumzi ndani yake, kama mtu anayekusemesha karibu na sikio ili wengine wasisikie. Siku ya Pasaka alipiga peke yake kanisani, na mama yake Anjelika akatoka nje kwa kushindwa kujizuia.

Alipomaliza kidato cha nne akaanza kupiga kwenye harusi, huku kwetu na Biharamulo, kisha Bukoba, kisha akapata kazi ya kudumu katika hoteli moja Mwanza. Padri alimwachia ile saksafoni, akasema haina mwenyewe mwingine. Hapo Mwanza ndipo aliposikiwa na mzungu mmoja, Joris, mpiga tromboni kutoka Gent, Ubelgiji, aliyekuja kupumzika. Joris alikaa siku tatu zaidi ya alizopanga. Mwaka 2012 Teddy akapanda ndege kwenda kupiga katika bendi yake.

Msidhani alipokelewa kwa mazulia. Mwaka wa kwanza alikuwa anasafisha madarasa ya shule kila asubuhi, na jioni anapiga kwenye baa yenye meza kumi. Polepole bendi ikajulikana. Wakaitwa Rotterdam, wakaitwa Lille, wakaitwa Hamburg kila mwaka. Walipiga bluzi na jazi. Nilimuuliza kwenye simu hiyo bluzi ni nini, akasema, "Baba, unamkumbuka mama akipalilia maharage peke yake, anajisemesha huku anaimba, wala hamlalamikii mtu? Ndiyo hiyo." Nikaelewa. Walitoa albamu, na kwenye picha ya jalada yuko katikati, amevaa gauni jekundu na kandambili nilizomshonea mimi. Hiyo picha iko ukutani kwangu, na anayesema viatu havilingani na gauni asirudi tena kwangu.

Mzee Bernardo alikuwa ameshatangulia zamani. Anjelika akafariki mwaka 2014, Teddy akiwa safarini na bendi, hakuwahi mazishi. Ndugu zake wametawanyika, Kahama, Geita, Dar. Kasulo hapakubaki mtu wa kumvuta. Miaka mitano ikapita hajakanyaga nyumbani.

Mwaka 2016 ngozi zangu, nilizombadilishia kabla ya safari, zilichoka. Akaipeleka saksafoni kwa fundi wa vyombo kule Gent, mtu mwenye cheti ukutani. Fundi alipoifungua alicheka mpaka akakaa chini. Akang'oa kila kitu, akaweka ngozi za dukani, springi za dukani, akairudisha inang'aa. Haikuvuja hata chembe. Kila noti ilikaa mahali pake kama mseminari. Teddy akapiga, Joris akasikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Ni nzuri sana. Lakini wewe uko wapi?"

Sauti yake ilikuwa imeondoka. Waliokuwa wanawaalika waliitaka ile ile ya zamani. Fundi wa Gent akajaribu kuzigeuza ngozi zake za dukani, zikapiga miluzi ya ajabu. Miezi minne wakahangaika, mpaka Joris akaanza kumjaribu mpigaji mwingine. Januari 2017 nikaona gari limesimama mbele ya kibanda changu, Teddy akashuka na sanduku la saksafoni begani.

"Shikamoo, baba. Nimekuja uniharibie tena."

Ndipo aliponieleza kosa langu la kandambili. Nilikasirika, nisiwafiche. Miaka kumi na sita nilijiona fundi, kumbe nimechekwa Ulaya. Tulikula nikiwa nimenuna. Kisha nikamwambia kabla ya yote aende Biharamulo kumsalimia dada yangu Scolastica. Hilo ni desturi, halina mjadala: aliyetoka mbali hazunguki na shughuli zake kabla hajawasalimia wakubwa. Na kwa Scolastica huwezi kuondoka siku ile ile uliyofika. Utalala, kesho utapikiwa tena, keshokutwa ndipo utaruhusiwa. Aliporudi, nilikuwa nimemaliza. Akapuliza pale pale kibandani, na sauti ikatoka, ile yenyewe. Akanikumbatia mbele ya wateja. Joris akampokea, kazi ikaendelea.

Nilibaki na jambo moja kichwani. Teddy hakuona nilivyofanya. Si kugeuza tu ngozi. Ngozi yenyewe inalala katika maji ya majivu ya migomba, inakwanguliwa kwa kigae cha chupa, inapakwa samli ya ng'ombe, inakaushwa kivulini, inapondwa kwa jiwe laini mpaka iwe kama sikio la mtoto. Na unene wake haupimwi kwa macho. Unaibana kati ya midomo yako, na mdomo unakwambia. Hayo hakuna mwingine aliyeyajua, wala kule Gent hayauzwi dukani.

Akaja tena 2019, ngozi zilipochoka. Kwa maonyesho mengi aliyokuwa nayo sasa, miaka kama miwili ndiyo umri wake. Nikamtuma Biharamulo. Safari hii haikuwa desturi tu. Nilitaka asione.

Nisemeje? Nilikuwa nimehesabu. Mwanangu Fabrice alipooa, Teddy alituma pongezi kwa video. Krismasi alituma kanga kwa Adelfina na salamu ndefu. Adelfina alipougua mapafu, alipiga simu kila siku, wiki nzima, lakini hakuja. Ngozi ikipasuka, baada ya wiki mbili yuko mlangoni. Sikumchukia kwa hilo. Kazi yake ni ya kusafiri, na nauli ya kutoka huko si ya kwenda sokoni. Mimi nilikuwa nampenda tu, na siku alizokaa hapa nyumba ilikuwa na watu. Nilijua kinachomleta, nikakishika.

Mwaka 2021 alipokuja, nilifanya jambo ambalo sijamwambia padri mpaka leo. Nilimtuma Biharamulo kama kawaida, nikachukua kigae, nikakwangua ngozi kupita kiasi. Mdomo wangu uliniambia ni nyembamba mno. Nikaziweka hivyo hivyo. Nilitaka zisifike miaka miwili, ili arudi mapema.

Hazikufika. Machi 2023, Hamburg, ukumbi umejaa, katikati ya wimbo aliokuwa anapiga peke yake, ngozi mbili zilipasuka kwa mpigo. Teddy alibaki amesimama, anapuliza, inatoka hewa tupu. Watu walidhani ni sehemu ya muziki, wakangoja. Kisha wakaelewa, na wengine wakaanza kucheka. Joris alimaliza wimbo kwa tromboni.

Teddy alifika kwetu amekonda. Akaniambia wana siku ya kurekodi albamu mpya mwezi huo huo, na Joris amesema wazi, kwa upole lakini wazi, kwamba chombo kikimwangusha tena atamchukua mtu mwingine. Alikuwa na siku tisa.

"Sijui nilikosea wapi, baba," akasema. "Labda sikuzitunza. Labda ni baridi ya kule."

Na hapo kuna jambo la pili ambalo hakulijua. Macho yangu yalikuwa yamekwisha. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Viatu nilikuwa nashona kwa kupapasa, na wateja walikuwa na heshima ya kutosema. Nikamtuma Biharamulo, nikaanza kazi. Kukwangua niliweza. Kupima kwa mdomo niliweza. Kubandika ngozi katikati ya kifuniko kidogo kama kitufe cha shati, sikuweza. Adelfina alikuja na uji, akasimama nyuma yangu.

"Baba Fabrice, umebandika nje."

"Nimebandika ndani."

"Nje. Na hiyo nyingine nje. Zote tano ziko nje." Akauweka uji chini. "Mtoto anapoteza kazi yake, wewe umekaa unaficha ngozi ya mbuzi. Mfundishe."

"Nikimfundisha hatakuja tena."

"Asije! Lakini apate kula." Kisha akaketi kando yangu na sauti yake ikashuka. "Mimi pia nitamkosa. Unadhani uko peke yako?"

Teddy aliporudi kutoka kwa Scolastica nilimwomba akae. Nilimwambia kuhusu macho kwanza, kwa kuwa hilo lilikuwa rahisi. Alianza kulia, nikamzuia, nikasema bado. Nikamwambia: "Za mwaka 2021 nilizikwangua nyembamba makusudi."

"Makusudi?"

"Ili urudi upesi."

Nilisikia kiti kikisogea, nikasikia hatua zake zikitoka nje kuelekea migombani. Adelfina alinishika goti nisimfuate. Sijawahi kuona aibu kama ile, hata siku niliyosikia kuwa fundi wa Gent alinicheka. Muda ukapita mrefu. Kuku wakaingia ndani, hakuna aliyewafukuza. Kisha hatua zikarudi, kiti kikasogezwa karibu na changu mpaka magoti yetu yakagusana.

"Nionyeshe," akasema.

Basi tukafanya kazi, siku nne mfululizo, kuanzia asubuhi mpaka chakula cha mchana, na baada ya chakula tena. Nilimfundisha majivu, nikamfundisha kigae, nikamfundisha samli isiwe nyingi. Nilipofika kwenye kupima sikuhitaji kusema mengi. Yeye midomo ndiyo kazi yake; aliibana ngozi ya kwanza, akasema, "Hii bado nene," na alikuwa sahihi. Kubandika ndiko kulikomtesa. Vifuniko viko zaidi ya ishirini, na vyake vya mwanzo nilivipapasa nikakuta gundi imefurika pembeni, ngozi imekunjamana. Nilinyoosha mkono nirekebishe. Adelfina akanipiga kofi la mkono, kama mtoto anayechovya sukari.

Jumamosi alipiga uani. Majirani waliokuwa wanatoka sokoni walisimama na mizigo yao kichwani. Alipiga polepole, na sauti ilitoka na pumzi zake zote, imevuja mahali panapotakiwa, na hakuna hata ngozi moja niliyoibandika mimi. Nililia, wala sioni aibu kusema. Ilikuwa nzuri kuliko zote nilizomtengenezea, nami ndiye ninayesema, ambaye ningependa iwe vinginevyo.

Asubuhi ya kuondoka nilimsindikiza mpaka barabarani, yeye akiniongoza kwa mkono.

"Sasa huna haja tena ya kuja mpaka huku," nikasema.

"Baba, ulidhani nakuja kwa ajili ya ngozi?"

"Nilihesabu, mwanangu."

Nilingoja akatae. Teddy tangu utoto hajui kusema uongo, na hakukataa. Alinibana mkono tu, gari likaja, akapanda.

Albamu ilirekodiwa. Alinitumia, tukaisikiliza na Adelfina kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Joris hakumtafuta mtu mwingine. Mwaka 2024 waliitwa mpaka Oslo, na Krismasi ikapita kwa kanga na salamu kama zamani. Aprili 2025 miaka miwili ilitimia. Nilijiambia sihesabu, na nilikuwa nahesabu. Juni akatuma ujumbe wa sauti, amechangamka: amebadilisha ngozi zote mwenyewe, kwa siku mbili, ngozi ya mbuzi ameipata kwa Mmoroko mwenye bucha, na Joris hakuona tofauti yoyote. Kama fundi nilifurahi sana. Kama baba niliizima simu, nikaendelea na kiatu kilichokuwa mkononi.

"Umefanya sawa," Adelfina akaniambia jioni ile, bila mimi kumuuliza.

"Najua nimefanya sawa. Usinifundishe."

Ilikuwa Agosti, kama saa nne asubuhi. Nilikuwa kibandani natia uzi kwenye msharasi, ile sindano nene ya viatu, kazi inayonichukua muda siku hizi, nikasikia gari limesimama na kuondoka.

"Shikamoo, baba."

Uzi ulinidondoka. "Marahaba," nikasema, na jambo la kwanza lililonijia ni ngozi. Nikadhani zake zimeshindwa, nikaogopa kwa ajili yake. Nikanyoosha mkono kwenye bega lake la kushoto, anakobebea sanduku. Palikuwa na bega tu. Nikapapasa la kulia. Bega tu, na mkanda wa mkoba mdogo.

"Chombo kiko wapi?"

"Nimekiacha Gent."

"Kimeharibika?"

"Kizima kabisa."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Kuwasalimia," akasema. "Nina wiki tatu."

Mteja mmoja alikuwa amekaa pale akingoja soli yake. Nikamwambia arudi Jumatatu, au aende kwa fundi mwingine, kama atampata.